Twende Kipsaraman, mlimani alikopatikana 'Mtu wa Milenia'

Shule zikishafungwa tu, utawasikia watoto wa hapa kwetu Ziwani wakianza ule wimbo wao wa kila likizo: "Baba, sisi tutaenda wapi?" Wenzao wa mitaa yenye nafasi wameshaambiwa Mombasa, na wengine Maasai Mara. Wako, ukijitahidi sana, utawapeleka City Park wakatupie tumbili njugu, wale aiskrimu, kisha mrudi nyumbani kabla ya giza. Si vibaya, na wala sikulaumu, kwani najua kodi ya nyumba na karo haziko likizo. Lakini ukiweza kuweka akiba kidogo kidogo kwa muda wa mihula miwili, basi nina shauri la safari ambayo watoto hao wataisimulia mpaka wawe na watoto wao.

Nasema twende Kipsaraman. Najua utauliza, na Kipsaraman nako ni wapi? Ni kijiji kidogo kilichokaa juu ya mgongo wa Milima ya Tugen katika Kaunti ya Baringo, kaskazini ya mji wa Kabarnet, ukishaipita Kabartonjo. Ukiangalia magharibi unaliona Bonde la Kerio limelala chini, na ng'ambo yake ukuta mrefu wa Elgeyo. Ukigeuka mashariki unaliona Ziwa Baringo likimetameta mbali kule kwenye joto. Ni kijiji cha maduka machache, shule, makanisa, mbuzi na ng'ombe. Ungekuwa dereva wa lori, ungekipita bila kupunguza mwendo. Hata hivyo jina lake wanalijua wataalamu wa Paris, London na Marekani, ambao huliandika "Kipsaramon", na wamelitaja katika majarida yao mara nyingi kuliko walivyotaja miji mingi mikubwa ya nchi hii.

Sababu yake ni mifupa.

Mnamo mwezi wa Oktoba mwaka 2000, Mkenya mmoja, Kiptalam Cheboi, alikuwa akitafuta visukuku mahali panapoitwa Kapsomin, kwenye makorongo yaliyo chini ya milima hiyo upande wa mashariki. Alikuwa katika kundi la watafiti lililoongozwa na Bi. Brigitte Senut wa Ufaransa na Bw. Martin Pickford. Mvua na upepo vilikuwa vimeimomonyoa ardhi, na hapo akaona vipande vya taya vyenye meno. Katika wiki zilizofuata, Kapsomin na sehemu jirani zikatoa vipande vingine: mifupa ya paja, mfupa wa mkono, wa kidole, na meno zaidi. Mwezi wa Desemba habari zikatangazwa hapa Nairobi, na kwa kuwa mwaka ulikuwa 2000, magazeti yakambatiza kiumbe huyo "Mtu wa Milenia". Mwaka uliofuata akapewa jina la kitaalamu, Orrorin tugenensis. Orrorin ni neno la wenyeji, nalo lina maana ya mtu wa asili, yule wa kwanza kabisa. Tugenensis ni kusema tu kwamba ametoka Tugen.

Cha ajabu ni kwamba dalili yake ilikuwa imeonekana zamani. Mwaka 1974 Pickford huyo huyo aliokota gego moja mahali paitwapo Cheboit, si mbali na hapo. Gego moja halitoshi kumtambua mwenyewe, basi likakaa miaka 26 likingoja wenzake.

Orrorin ana umri wa karibu miaka milioni sita. Sasa tarakimu kama hiyo, msomaji, huingia sikio hili ikatokea lile, kwa hivyo hebu tuipime kwa namna ambayo hata mtoto wa darasa la nne ataielewa. Tuseme kila mwaka mmoja ni milimita moja kwenye rula. Nairobi, iliyoanza kama kambi ya reli mwaka 1899, haifiki hata shubiri. Kuzaliwa kwa Yesu ni mita mbili kutoka hapo ulipo, yaani urefu wa mlango wako. Ili umfikie Orrorin itakubidi utoke Ziwani, uvuke Pumwani, uendelee mbele mpaka ukaribie Donholm: kilomita sita nzima, na kila milimita ni mwaka. Yule "Lucy" wa Ethiopia, aliyepatikana mwaka 1974 na ambaye karibu kila mwanafunzi amemsikia, ana miaka milioni 3.2. Kwa hesabu yetu hiyo, ukimkuta Lucy njiani ujue umefika nusu ya safari tu.

Na je, watajuaje kwamba huyo alikuwa jamaa yetu wala si sokwe wa kawaida? Jibu liko kwenye paja. Mfupa wa paja la mnyama atembeaye kwa miguu minne haubebi uzito sawasawa na wa yule asimamaye wima. Shingo ya mfupa, pale unapoingia nyongani, huwa na umbo lake. Waliompata Orrorin walisema tangu mwanzo kwamba paja hili ni la mtembezi wa miguu miwili. Wengine walibisha, kama ilivyo desturi ya wasomi, na mwaka 2008 Wamarekani wawili, Brian Richmond na William Jungers, wakaupima mfupa huo upya, wakaulinganisha na mingine mingi, wakakubali kwamba kweli alitembea wima. Hata hivyo mfupa wa mkono na kidole kilichopinda vinaonyesha kwamba alikuwa hodari wa kupanda miti. Kimo chake kilikaribia cha sokwe mtu. Basi mchore akilini mwako: kiumbe mdogo, ashuka mtini, asimama kwa miguu miwili, anavuka uwazi uliopo katikati ya miti akiangalia huku na huku asije akaliwa na chui, kisha apanda mti wa pili.

Ubishi haujaisha. Mwaka 2001 kule Chad lilipatikana fuvu ambalo hukadiriwa kuwa na miaka kama milioni saba, likaitwa Toumai, na wapo wasemao huyo ndiye mkongwe zaidi. Mimi si hakimu wa mambo hayo. Najua tu kwamba kati ya viumbe wachache sana duniani wanaogombea nafasi ya babu wa mababu zetu wote, mmoja ni wa Baringo, siku moja ya matatu kutoka hapa.

Tena usifikiri milima hiyo ina hadithi moja tu. Karibu na Kipsaraman yenyewe, kundi lililoongozwa na marehemu Andrew Hill wa Chuo Kikuu cha Yale lilifukua sehemu ya mifupa ya mwili wa nyani mkubwa asiye na mkia aliyeishi miaka kama milioni 15 iliyopita. Mwaka 1999 akapewa jina Equatorius, kwa kuwa alipatikana karibu na Ikweta. Chini kidogo, katika tabaka liitwalo Chemeron, mwaka 1965 kuliokotwa kipande cha fuvu, sehemu ya sikio, ambacho baadaye kilikadiriwa kuwa na miaka milioni 2.4, na wengine wanakihesabu miongoni mwa mabaki ya kale zaidi ya jamii yetu hii ya binadamu. Na karibu na Ziwa Baringo yalipatikana meno ya sokwe mtu yenye miaka kama 500,000. Habari zake zilitolewa mwaka 2005, na ndiyo yaliyokuwa mabaki ya kwanza kabisa ya sokwe mtu wa zama hizo kupatikana popote duniani. Leo ukitaka kumwona sokwe mtu wa porini, huna budi kuvuka mpaka, kwa mfano uende Uganda.

Yaani mlima mmoja umeweka kumbukumbu za miaka milioni 15 na zaidi! Imewezekanaje? Ni Bonde la Ufa. Ardhi hapo ilikuwa ikipasuka na kudidimia, maziwa yakijaa na kukauka, mito ikileta matope, na volkano zikimwaga majivu na lava juu ya yote. Mnyama aliyekufa kando ya ziwa alifunikwa na matope, matope yakafunikwa na majivu, majivu na lava, kisha ziwa jipya likaja juu yake. Kuna hata majani ya msitu yaliyozikwa na majivu ya volkano zaidi ya miaka milioni 12 iliyopita, na bado mishipa ya jani unaiona. Sasa chukua sahani ya chapati zilizopangwa moja juu ya nyingine, uinue sahani upande mmoja. Ndivyo milima ya Tugen ilivyoinuliwa na nguvu za chini ya ardhi, na ndivyo kingo za zile chapati zilivyojitokeza nje. Mvua inakwangua, mfupa unachungulia. Majivu yale ndiyo saa ya wataalamu, maana yana madini ambayo hubadilika polepole kwa kiasi kijulikanacho, na kwa kuyapima hupatikana umri wa tabaka.

Kwa hivyo watoto wakisimama pale juu na kuliona Ziwa Baringo, waambie kwamba maziwa ya nchi hii hayana desturi ya kutulia. Tangu mwaka 2010 hivi maji ya Baringo yalianza kupanda, na ilipofika mwaka 2020 yalikuwa yamemeza nyumba, hoteli, shule na malisho, na watu wengi wakahama. Mawe ya mlimani yanasema jambo hilo limetokea mara nyingi mno. Nasi wakazi wa Ziwani, mtaa wenye jina la ziwa ambalo hakuna mtoto wetu amewahi kuliona, tusiwacheke.

Sasa nikueleze jambo linalonikera, na usinikasirikie kama nitaonekana mkali. Mifupa hii imeleta sifa kwa vyuo vikuu vya ng'ambo, imewapa watu shahada na vyeo, na imeleta ugomvi pia. Wakati ule wa mwaka 2000 kulikuwa na mvutano mkali baina ya makundi ya watafiti juu ya nani mwenye kibali cha kuchimba na nani hana, mpaka mambo yakafika kwa polisi. Wasomi waligombana kwa barua na kwa mawakili. Lakini yule mama wa Kipsaraman anayechota maji bondeni na kuyapandisha mlimani kwa punda au kwa mgongo wake, yeye alipata nini? Wenyeji ndio waliojua makorongo, ndio waliowaongoza wageni, na mara nyingi macho ya kwanza kuuona mfupa yalikuwa yao. Si Tugen peke yake. Yule kijana wa Turkana ambaye mifupa yake ni karibu kamili, aliyepatikana Nariokotome mwaka 1984, aliyemwona kwanza ni Mkenya, marehemu Kamoya Kimeu, na uliza wanafunzi wangapi wanalijua jina hilo.

Kipsaraman walijaribu kujibu swali hilo kwa namna yao: kuna makumbusho ya jamii kijijini. Ni madogo, msomaji, usije ukafikiri utakuta jumba lenye lifti. Lakini wazo lake ni kubwa: kwamba mgeni apande mlima kuja kwa wenyewe, aelezwe na wenyewe, na shilingi anayoitoa ibaki pale pale. Familia moja ya Eastlands ikienda, ikanunua chai, ikamlipa kijana wa kuwaonyesha njia, na ikasaini kitabu cha wageni, hiyo ni sababu moja zaidi ya kijiji kuyalinda makorongo yake. Wasipokuja watu, mtoto wa pale atauona mfupa kuwa jiwe la kumtupia mbuzi, na nani atamlaumu?

Maana mvua ile ile inayofichua ndiyo inayoharibu. Mfupa ukishatoka nje, unapigwa na jua, unakanyagwa na kwato, na baada ya misimu michache unakuwa changarawe. Hapo ndipo nawaomba wazazi wawe wakali. Mtoto akiona kitu chenye umbo la jino au mfupa, aonyeshe kwa kidole, asikiokote! Si kwa sababu tu sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na turathi za taifa inakataza kuchukua vitu hivyo, bali kwa sababu mfupa uliotolewa mahali pake ni kama barua iliyochanwa anwani. Hujui tena ni wa tabaka gani, na kwa hiyo hujui ni wa miaka mingapi. Ukiuweka juu ya kabati la televisheni hapa Ziwani, utakuwa umebeba kokoto tu.

Jambo jingine la kuambiana ukweli kabla ya kufunga mizigo ni hili: usiende ukitarajia kumwona Orrorin mwenyewe amesimama ndani ya sanduku la kioo. Vipande vyake vyote vingeweza kutoshea kwenye kiondo kidogo, na vitu vya namna hiyo haviwekwi ovyo. Ndiyo maana nashauri safari ianzie hapa hapa jijini. Jumamosi moja kabla ya kusafiri, wapeleke watoto Makumbusho ya Taifa, Museum Hill. Kutoka Ziwani hata kwa miguu mtafika, mkipitia Ngara. Kuna chumba cha mafuvu na mifupa ya binadamu wa kale, akiwemo huyo kijana wa Turkana. Wakishaona pale mfupa ulivyo, huko Tugen watakuwa na macho. Mtoto ambaye hajaona kitu ataona mlima tu na atakuuliza kama kuna chipsi.

Haya, safari yenyewe. Magari ya Nakuru hupatikana upande wa River Road. Ni kilomita kama 160, na pale Nakuru mtabadilisha gari la Kabarnet kupitia Marigat. Jitahidini kuondoka alfajiri. Safari yote mpaka Kabarnet inakaribia kilomita 300, na mtoto aliyelala vibaya halafu akapigwa na joto la Marigat ni mtihani kwa abiria wote. Mkishaondoka Nakuru mtapita Mogotio, ambapo barabara inavuka Ikweta, na hapo waambie watoto wachague mguu upi ubaki kusini. Baada ya hapo nchi inakuwa kavu, migunga na vichaka, na kando ya barabara utaona chupa za asali zimepangwa. Asali ya Baringo haihitaji kusifiwa na mimi. Angalieni mitini mtaona mizinga ya magogo imening'inizwa. Nyama ya mbuzi ya Marigat nayo ina wapenzi wanaotoka mbali kuifuata, lakini kama mfuko umebana, mkate na mayai ya kuchemsha mliyobeba toka nyumbani havina aibu.

Kutoka Marigat gari linaanza kupanda, kona kwa kona, na masikio ya watoto yanaziba. Nusu saa iliyopita mlikuwa mkijipepea kwa gazeti, sasa mnatafuta sweta. Kabarnet iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Jina lake limetokana na mmisheni aliyeitwa Barnett: Kap-Barnet, kwa Barnett. Kuna makumbusho madogo ya serikali hapo katika nyumba iliyokuwa ya DC, na si kupoteza wakati kuyapitia. Wazee watakukumbusha pia kwamba rais wa pili wa nchi hii, marehemu Daniel arap Moi, alizaliwa Sacho katika milima hii hii. Lami unayoipanda, tuseme kweli, si ajabu ukiikumbuka hiyo.

Lala Kabarnet. Nyumba za wageni zipo za kila mfuko, na usikubali kuonyeshwa chumba kimoja ukalipishwa kingine. Asubuhi mapema chukueni gari la kwenda Kabartonjo na kuendelea mbele. Magari ya huko si mengi kama ya Kayole, kwa hivyo mkichelewa kitandani mmechelewa siku nzima. Kabla ya kupanda, wafundishe watoto neno moja: "Chamgei". Ndiyo salamu, nawe ukisalimiwa hivyo jibu "Chamgei mising". Mtoto wa mjini anayepita mbele ya mzee huku amezamisha macho kwenye simu atahesabiwa hana adabu. Akisimama akatoa mkono na kusema neno hilo moja, mlango umefunguka. Mkikaribishwa mursik, maziwa yale ya kibuyu yenye chembe za mkaa, mnywe hata kama ni funda moja. Mtoto akikunja uso, mama mwenye nyumba atacheka. Lakini baba mtu mzima ukikunja uso, hiyo ni habari itakayobaki kijijini.

Sitaki kukuficha suala la usalama. Baringo imeteswa na wizi wa mifugo wa kutumia bunduki, na mwezi wa Februari 2023 serikali ilipeleka jeshi kusaidiana na polisi katika kaunti kadhaa za Bonde la Ufa, Baringo ikiwa mojawapo. Sehemu za juu kama Kabarnet si sawa na sehemu za chini ambako mashambulizi yalizoeleka, lakini makorongo yenye visukuku yako njia ya kushuka. Kwa hivyo usijifanye shujaa. Ukifika Kabarnet uliza kwenye kituo cha polisi na uwaulize wenyeji wanaosafiri njia hiyo kila siku. Wakisema leo nendeni mpaka kijijini tu msishuke, basi msishuke. Kutoka juu mtaona vya kutosha. Kusema kweli, hofu hiyo imekinyima kijiji wageni wengi kuliko umbali, na ni wakazi wa Baringo wenyewe walioumia zaidi kwa kupoteza mifugo, shule na jamaa zao.

Siku ya tatu iwe ya mto. Rudini Kabarnet, kisha mchukue gari linaloelekea Iten. Barabara inaporomoka upande wa magharibi kwenda Bonde la Kerio, na hapa mtapata joto jingine, maembe na migunga, na Mto Kerio wenyewe. Mto huu hutiririka kuelekea kaskazini, kati ya Tugen na Elgeyo, mpaka unamwaga maji yake Ziwa Turkana. Maji ya Turkana mnayoyasoma kwenye jiografia sehemu yake imepita hapo chini ya miguu yenu. Pale Cheploch, kwenye daraja la mpaka wa Baringo na Elgeyo Marakwet, mwamba umeubana mto ukawa mwembamba kama kichochoro cha Gikomba, na maji ya kahawia yanapita chini sana kati ya kuta mbili za mawe.

Hapo ndipo utakapowaona vijana. Wanasimama ukingoni juu kabisa, wanakuangalia, na ukishasimama kutazama mmoja anajitupa. Moyo wako unasimama. Unahesabu moja, mbili, tatu, kisha kichwa kinaibuka mbali kidogo na ulipokitarajia, na kijana anakwea mwamba kwa vidole na nyayo, wepesi kama ambaye hajawahi kufanya kazi nyingine. Watalii humpa chochote. Nawe mpe, maana umetazama, na kutazama bila kutoa pale ni sawa na kupanda matatu na kumwambia kondakta ulikuwa unachungulia tu. Ila nina neno moja. Usimhimize aruke mara ya pili kutoka juu zaidi ili simu yako ipate picha nzuri. Mto huo una mawe usiyoyaona na una mamba, na mvua ikinyesha huko milimani maji hupanda ghafla kabla wingu halijakufikia. Na wa kwako washike mikono. Mtoto wa Ziwani anayejua kuogelea ni mmoja kati ya wengi, na hata huyo amejifunza kwenye maji yasiyo na mkondo.

Mkae hapo mpaka jua lipungue makali. Mwonyeshe mtoto yule kijana anavyoshika mwamba kwa vidole akipanda, kisha anavyosimama wima juu na kutembea kwenda kupokea shilingi zake, halafu umkumbushe lile paja na kile kidole kilichopinda. Pengine atanyamaza kidogo. Au pengine atauliza tena kuhusu chipsi, naye asikukasirishe, njaa ni njaa.

Kutoka Cheploch mna njia mbili za kurudi. Mnaweza kupanda tena Kabarnet mlale, mshuke Marigat asubuhi mkanunue asali ya kuleta nyumbani, au mkaendelea mbele kupanda ukuta wa Elgeyo kupitia Tambach hadi Iten, mji wa wakimbiaji, kisha Eldoret, ambako magari ya Nairobi hayakosekani. Njia ya pili ni ndefu lakini watoto hawatapita sehemu moja mara mbili. Mkiichagua hiyo, ondokeni mtoni kabla ya saa tisa, kwa kuwa kona za Tambach si za kupandwa gizani na matatu iliyojaza, na chupa ya asali ifungwe kwa mifuko miwili, isiwekwe kwenye begi la nguo za shule.